Barua ya Wazi kwa Halmashauri ya Maswa: Zege la Madarasa Lipimwe Kabla ya Kupokewa

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Maswa, Mhandisi wa Halmashauri, waheshimiwa madiwani, na kamati za ujenzi za shule na zahanati
Nakala: Ofisi ya Mkuu wa Mkoa wa Simiyu, Bariadi

Waheshimiwa,

Wilaya ya Maswa ina zege la aina mbili.

La kwanza liko Malampaka, ambako reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, yenye urefu wa kilomita 341, inapita jirani na reli ya zamani iliyofika Mwanza mwaka 1928. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la kipande hicho tarehe 14 Juni 2021 huko Fela, Misungwi. Kwenye kazi ya aina hiyo, nguzo ya daraja haimwagwi bila sampuli za zege kuchukuliwa, kuandikwa namba, kulowekwa majini na hatimaye kupondwa kwenye mashine. Mhandisi msimamizi hawezi kusaini malipo ya zege ambalo nguvu yake haijulikani.

La pili liko vijijini, na hata hapa mjini Nyalikungu. Ni zege la madarasa, la maabara za sekondari, la nyumba za walimu, la zahanati na la vyoo vya shule. Hili mara nyingi hukorogwa chini kwa sepeto, humwagwa, husawazishwa kwa ubao, na likishakauka hukaguliwa kwa macho. Wajumbe hupita juu yake, mmoja hugonga kwa kisigino, wengine huridhika. Baadaye hupangwa siku ya makabidhiano.

Barua hii haiji kumshitaki fundi wala mwalimu yeyote. Inaleta ombi moja: kuanzia mradi ujao, kila zege linalomwagwa kwenye jengo la umma Maswa litolewe sampuli, sampuli hizo zipondwe maabara, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa mradi pale pale saiti, ili mwananchi aliyesomba mchanga na maji aweze kuyasoma.

Ombi linakuja sasa kwa sababu ujenzi ni mwingi. Sensa ya mwaka 2012, mwaka uleule Simiyu ilipokuwa mkoa, ilihesabu watu 1,584,157 katika mkoa huu. Sensa ya 2022 ilihesabu 2,140,497. Zaidi ya watu nusu milioni wameongezeka katika miaka kumi, na sehemu kubwa yao ni watoto wanaohitaji dawati na paa. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, madarasa yakafurika. Kisha tarehe 10 Oktoba 2021 ukazinduliwa Dodoma mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliogharamiwa kwa shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa mpango huo nchi nzima ilijenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi. Kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20, na yote yalitakiwa yawe tayari kabla wanafunzi wa kidato cha kwanza hawajaripoti Januari 2022.

Tangu uzinduzi hadi mwisho wa mwaka huo zilikuwa siku 82. Zege peke yake huhitaji siku 28 kufikia nguvu ambayo mhandisi aliipigia hesabu kwenye ramani. Ndani ya siku 82 zililazimika kuingia kazi za kuchimba msingi, kuagiza saruji, kufyatua tofali, kupandisha kuta, kufunga lenta, kuezeka na kupiga plasta. Watu walifanya kazi usiku na mchana, na wanafunzi walipata pa kukaa. Hilo ni jambo la kujivunia. Ila hesabu iliyokuwa midomoni mwa viongozi wakati ule ilikuwa ya idadi ya vyumba, na nguvu ya zege ndani ya vyumba hivyo haikuzungumzwa.

Utaratibu uliotumika, na ambao bado unatumika kwenye miradi mingi ya shule na zahanati, ni ule ambao kila mtu anauita fosi akaunti. Shule hupokea fedha, huajiri fundi wa eneo hilo hilo, hununua vifaa yenyewe, na kazi yote husimamiwa na kamati tatu: ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Utaratibu huu una heri yake. Fedha inabaki kijijini, vijana wanapata kibarua, na shilingi moja hufanya kazi kubwa kuliko ambayo ingefanya kwa mkandarasi wa mbali. Wananchi nao huchangia nguvu zao: mchanga, mawe, kokoto na maji. Hasara yake ni kwamba umemwondoa mtu mmoja muhimu, yaani mhandisi anayekaa saiti kutwa nzima. Mhandisi wa Halmashauri yupo, lakini miradi imetawanyika kata zote, na hawezi kusimama kwenye kila saiti siku ya zege.

Pengo linaonekana vizuri zaidi kwenye karatasi. Kamati ya mapokezi huhesabu mifuko ya saruji, huhesabu nondo, huhesabu mabati, na hutia saini. Kamati ya ujenzi hupokea jamvi lililokamilika. Katikati ya mifuko iliyohesabiwa na jamvi lililopokewa kuna kazi ya saa chache ambayo haina fomu wala saini ya mtu, na nguvu ya jengo huamuliwa katika saa hizo.

Mtu akisogea karibu siku hiyo, ataona jinsi inavyoamuliwa. Fundi mkuu ametaja kipimo asubuhi: moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35. Boksi la mbao lenye sentimita 33 kila upande linakaribiana sana na ujazo huo, kwa hiyo mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga na manne ya kokoto yangetosha kuondoa ubishi. Mara nyingi boksi halipo; lipo toroli. Toroli la saa mbili asubuhi hujazwa bapa. Toroli la saa sita huja na kichuguu juu, maana vibarua wamechoka na lundo la kokoto liko mbali. Uwiano uliotajwa asubuhi umeshabadilika, na hakuna aliyekusudia kudanganya.

Kisha jua la Simiyu linawaka. Zege linaanza kuwa zito, sepeto zinakwama, na sauti inasikika: "Ongeza maji!" Ndoo ya lita 20 inamiminwa bila kuhesabiwa. Zege linalainika, linateleza lenyewe hadi kwenye pembe za mbao, na kazi inakuwa nyepesi. Ulaini huo unalipwa kwa nguvu ya zege.

Mwaka 1918 mtafiti Duff Abrams wa Lewis Institute, Chicago, alichapisha matokeo ya majaribio yake marefu. Alionesha kwamba, vifaa vikiwa vilevile, kinachoamua nguvu ya zege ni uwiano wa maji kwa saruji. Saruji huhitaji maji ya takriban robo ya uzito wake ili iungane kikemia, yaani lita 12 au 13 kwa mfuko. Maji yanayozidi hapo husaidia zege likorogeke na kulala vizuri, kisha huvukia na kuacha vitundu vidogo visivyoonekana. Kwa nguzo na lenta, lita 25 kwa mfuko, yaani ndoo moja na robo, ni kipimo cha kawaida, na humo uhesabiwe pia unyevu uliomo kwenye mchanga. Ikiongezwa nusu ndoo tu, uwiano unapanda kutoka 0.5 hadi 0.7, na zege linaweza kupoteza theluthi ya nguvu yake au zaidi. Mazege hayo mawili yakishakauka yana rangi moja. Kisigino cha mjumbe hakiwezi kuyatofautisha.

Vipimo vya kuyatofautisha vipo, na viwili vya kwanza havihitaji hata maabara.

Cha kwanza ni cha mchanga. Mchanga unaochotwa kwenye mito ya msimu huweza kubeba udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa kiangazi. Udongo huo hujipaka kwenye chembe za mchanga na kuizuia saruji isishike. Kuubaini, mtu huchukua chupa ya maji inayoonesha ndani, akatia mchanga hadi karibu nusu, akajazia maji yenye kijiko cha chumvi, akatikisa kwa nguvu, kisha akaiacha juu ya meza kwa saa tatu. Mchanga hutulia chini. Udongo laini hukaa juu yake kama tabaka la pili. Tabaka hilo hupimwa kwa rula. Likizidi takriban asilimia 8 ya kimo cha mchanga, lori lirudishwe au mchanga uoshwe. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kulifanya jaribio hili, na mwalimu wa sayansi akalifanya somo.

Kamati ya mapokezi ikishalifanya, igeukie mifuko ya saruji kwa macho ya kusoma, si ya kuhesabu tu. Viwango vya Shirika la Viwango Tanzania hutenganisha saruji ya 32.5 na ya 42.5, namba hiyo ni kipimo cha nguvu baada ya siku 28, na imechapishwa kwenye mfuko. Kama makadirio yanataka 42.5 kwa nguzo na lenta, mfuko wa 32.5 si mbadala wake hata bei yake ikiwa nzuri. Tarehe nayo isomwe. Saruji iliyokaa stoo miezi mitatu inaweza kuwa imepoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu yake hata kabla haijafunguliwa.

Kipimo cha pili ni cha ulaini, ambacho wahandisi hukiita slampu. Kinahitaji koni ya bati isiyo na vifuniko: kimo milimita 300, mdomo wa chini milimita 200, wa juu milimita 100. Zege hujazwa kwa matabaka matatu, na kila tabaka hushindiliwa mara 25 kwa nondo laini ya milimita 16. Koni huinuliwa taratibu kwenda juu, zege hushuka, na mshuko huo hupimwa kwa rula. Zege la lenta la kawaida hushuka kati ya milimita 50 na 100. Likimwagika kama uji, limezidiwa maji, na zamu hiyo isiingie kwenye mbao. Kazi nzima haichukui dakika kumi, na inafanyika wakati kosa bado linarekebishika.

Cha tatu ni mchemraba, na hiki ndicho chenye neno la mwisho. Kalibu ya chuma ya milimita 150 kila upande hupakwa oili ndani, hujazwa zege lilelile linalokwenda kwenye jengo, na hushindiliwa tabaka kwa tabaka mpaka hewa itoke. Hewa ikibaki asilimia 5 tu, nguvu huweza kushuka kwa karibu theluthi. Juu husawazishwa kwa mwiko na kufunikwa kwa gunia bichi. Kesho yake mchemraba hutolewa, ukiwa na uzito wa kilo nane hivi, huandikwa namba, tarehe na sehemu ya jengo, kisha hulowekwa majini. Baadhi ya michemraba hupondwa siku ya 7, ambapo zege hutarajiwa kufikia kama theluthi mbili za nguvu yake, na mingine siku ya 28. Zege la daraja C25 linatakiwa kuhimili newtoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Kwa mchemraba wa kimo hicho, huo ni mzigo wa takriban tani 57, unaozidi kidogo tani 56 ambazo ndizo uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa gari la mizigo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kipande ambacho mtoto anaweza kukipakata kinatakiwa kubeba semi nzima na shehena yake. Kikipasuka kwa tani 30, jengo lina tatizo, na linajulikana kabla darasa halijapewa wanafunzi.

Tatizo jingine la Maswa ni maji ya kumwagilia. Zege halikauki kama nguo. Saruji huendelea kuungana na maji kwa siku nyingi, na zege lisipotunzwa kwa unyevu kwa angalau siku saba, nguvu ya sehemu ya juu hupotea kwa kiasi kikubwa. Jamvi linalotoa vumbi na kumeguka mashimo mwaka wa pili mara nyingi liliachwa na kiu wiki ya kwanza. Maji ya Ziwa Victoria, chini ya mradi wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi uliopitishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, yanalenga wilaya tano za mkoa: Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Kwa shule ambazo bado hayajazifikia, maji ya zege ni yale yanayobebwa kichwani na kina mama na wanafunzi. Kuwaambia wamwagilie mara tatu kwa siku ni kuwatwisha mzigo mkubwa. Karatasi ya nailoni iliyotandazwa juu ya jamvi mara tu linaposhika, au magunia mabichi yaliyofunikwa nailoni, huhifadhi unyevu na kuokoa madumu mengi. Gharama ya nailoni hiyo iingie kwenye makadirio tangu mwanzo.

Wapo watakaosema kwamba Maswa si Kariakoo. Watataja jengo la ghorofa 16 lililoporomoka katikati ya Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, likiwa bado linajengwa, likaua watu 36. Watataja jengo la Kariakoo lililoanguka Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu zaidi ya 20, au jengo la Huruma, Nairobi, lililoanguka usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50. Yale yalikuwa maghorofa, watasema, na kila moja lilikuwa na sababu zake. Darasa la shule ya msingi ni chumba cha chini tu.

Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Darasa la chini haliporomoki kama ghorofa. Lakini lenta yake ndiyo inayofunga kuta nne pamoja na kushika kenchi za paa. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 mkoani Kagera na kuharibu vibaya shule za sekondari Ihungo na Nyakato mjini Bukoba, kiasi cha kuzifunga. Kanda ya Ziwa haina sababu ya kujenga kana kwamba ardhi haitikisiki. Udongo wa mbuga nao, hata bila tetemeko, huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Msingi dhaifu hukatika juu yake, na ufa hupanda hadi dirishani.

Zaidi ya hapo, zege la hatari kuliko yote katika shule nyingi haliko darasani. Liko chooni. Sakafu ya choo cha shimo ni bamba jembamba la zege lililolala juu ya shimo refu, na watoto husimama juu yake kila siku ya masomo kwa miaka. Chini hupigwa na unyevu na hewa chafu inayokula nondo. Hapo hakuna ukuta wa kutoa onyo kwa ufa. Kama Halmashauri ingekuwa na uwezo wa kupima zege la sehemu moja tu ya kila shule, ingeanza na bamba hilo, ikifuatiwa na minara ya matanki ya maji.

Swali la pili litakuwa la uwezo: maabara iko wapi, na nani atalipa? Taratibu zipo tangu zamani. Wizara ya Ujenzi ilitoa mwongozo wa vipimo vya maabara mwaka 2000, na vipimo vya zege vimo. Ofisi ya TANROADS ya Mkoa iko Bariadi, mwisho wa barabara ya lami ya kilomita 49.7 kutoka Maswa. Shirika la Reli lina wakandarasi wake ndani ya wilaya hii hii. Halmashauri inaweza kuingia makubaliano na mmojawapo wa wadau hao ili michemraba ya shule ipondwe kwa siku maalumu, mara moja kwa wiki, ikikusanywa kwa kirikuu kimoja kinachopita kata kwa kata. Kalibu hununuliwa mara moja na kutumika miaka mingi. Ikilinganishwa na milioni 20 zilizotengwa kwa darasa moja mwaka 2021, gharama ya kupima ni ndogo. Ya kubomoa lenta na kuimwaga upya ni kubwa, na ya kutibu mtoto aliyevunjika haina mahali kwenye makadirio yoyote.

Swali la tatu ni la udanganyifu, na ni la haki. Fundi mjanja anaweza kukoroga zege zuri la kujazia kalibu na jingine la kujazia nguzo. Funika kombe mwanaharamu apite. Nchi nyingine zimepambana na mchezo huo. Uturuki, baada ya tetemeko la Agosti 1999, ilitunga sheria ya ukaguzi wa majengo mwaka 2001, na kuanzia 2019 ikaagiza sampuli za zege ziwekwe chipu ya kielektroniki inayofuatiliwa kutoka saiti hadi maabara. Matetemeko ya tarehe 6 Februari 2023, yaliyoua zaidi ya watu 50,000 nchini humo, yaliangusha majengo mengi, hasa ya zamani yenye zege dhaifu, na yakaonesha gharama ya miongo ya kupokea zege bila kulipima. Maswa haihitaji chipu. Inahitaji mwenyekiti wa kamati ya ujenzi achague mwenyewe toroli la kutolewa sampuli, bila kumwambia fundi mapema, na aandike jina lake juu ya zege bichi kwa ncha ya msumari.

Kwa hiyo Halmashauri inaombwa mambo haya.

Kwanza, kila kata ipewe seti moja: koni ya slampu, kalibu sita, nondo ya kushindilia, boksi la kupimia la sentimita 33 na pipa la kulowekea. Mtendaji wa kata awe mtunzaji, na seti izunguke saiti kwa saiti.

Pili, pasiwepo zege la nguzo, lenta, jamvi au bamba la choo linalomwagwa bila kamati kumpa taarifa Mhandisi wa Halmashauri saa 48 kabla. Asipoweza kufika, amtume fundi sanifu au aruhusu kwa maandishi baada ya kuona picha za nondo zilizofungwa na majibu ya chupa ya mchanga.

Tatu, kila siku ya zege itoe michemraba sita: mitatu ya siku ya 7 na mitatu ya siku ya 28. Daftari la zege liandikwe saiti, likiwa na tarehe, aina ya saruji, idadi ya ndoo za maji kwa kila mfuko, kipimo cha slampu, na saini za fundi mkuu na mjumbe wa kamati.

Nne, sehemu ndogo ya malipo ya fundi isubiri majibu, na majibu yakija mazuri alipwe siku hiyo hiyo bila kuzungushwa. Fundi asiadhibiwe kwa mchanga mbovu ulionunuliwa na kamati au kwa maji yaliyokosekana. Majibu yakiwa mabaya, Mhandisi apime jengo lenyewe kwa nyundo ya Schmidt, au akate sampuli kwenye zege gumu, ndipo aamue kama sehemu hiyo iimarishwe au ibomolewe.

Tano, nyundo hiyo itumike pia kukagua majengo yaliyojengwa kwa haraka tangu 2021, kuanzia vyoo na minara ya matanki. Nyundo ya Schmidt hupima ugumu wa uso tu, kwa hiyo haitoi hukumu ya mwisho, lakini inatosha kuonesha jengo gani lichunguzwe kwanza.

Sita, mafundi wa Maswa wapelekwe kwenye mafunzo mafupi ya VETA, ambayo tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani. Wengi wao wana mikono mizuri. Wanachokosa ni namba. Fundi aliyewahi kuona mchemraba wake mwenyewe ukipasuka kwenye mashine atasita kabla ya kuitikia "ongeza maji".

Saba, ubao wa mradi uongezwe mstari mmoja. Kwa kawaida ubao huonesha jina la mradi, chanzo cha fedha na gharama. Chini yake paandikwe: nguvu ya zege iliyotakiwa, nguvu iliyopatikana siku ya 28, na tarehe ya kipimo.

Barua hii inaomba suala hili liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, na lipewe afisa wa kulisimamia, kifungu cha bajeti na tarehe ya seti za kwanza kufika. Saiti ya majaribio inaweza kuwa shule yoyote ya Nyalikungu iliyo jirani na ofisi za Halmashauri, ili Mhandisi na madiwani wafike kwa miguu siku ya zege na wajaze kalibu kwa mikono yao. Siku ya 28 ikitimia, majibu yasomwe kwenye mkutano wa hadhara mbele ya wazazi, yawe mazuri au mabaya, na nakala yake ipelekwe kwa kila kamati ya ujenzi wilayani kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji wa mradi unaofuata kufunguliwa.

Nyalikungu, Maswa
Mkoa wa Simiyu